Kuitafuta Alto

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameamua kurudisha joho la kwaya, na sababu yake ilikuwa kwamba kila aliyekuja kumwona alimwambia alto wanaendelea vizuri.

Alivunjika mguu kazini, kwenye ngazi za nyuma za kiwanda cha mikate, akiwa amebeba trei. Trei haikupata hata mkwaruzo, na kila akisimulia ajali hiyo hukumbusha jambo hilo kwa uchungu. Tulimleta kwetu, tukamtandikia chumba cha mbele karibu na dirisha, mguu wenye plasta ukalazwa juu ya mito miwili kama mgeni wa heshima. Mume wangu alisema tangu azaliwe hajawahi kumwona dada yake amelala mchana. Dada mtu akamjibu kwamba tangu azaliwe yeye hajawahi kumwona akiamka asubuhi.

Katika kwaya yetu wifi ndiye kiongozi wa alto. Kwa asiyejua, alto ni sauti ya wanawake inayopita chini ya soprano. Soprano ndio wenye wimbo ule ambao watu hutoka nao kanisani wakiupiga mluzi. Besi ndio sakafu. Alto wapo katikati, na sijawahi kumsikia mtu akitembea barabarani akiimba alto peke yake. Lakini ukiiondoa, wimbo unakuwa kama chai iliyochemshwa kwa majani ya jana: ipo kwenye kikombe, ina moto, na hujui ni nini kilichokosekana.

Basi wageni walikuja, wakakaa kwenye ukingo wa kitanda, wakatoa pole. Naye hakuuliza habari za mjini wala za nani kaoa. Aliuliza, "Na kwaya?"

"Usijali hata kidogo, alto wako vizuri."

Mwalimu wa chekechea, ambaye husimama karibu yangu kwenye mstari wa alto, alisema hivyo hivyo. Mshona viatu wa upande wa besi akasema, tena kwa kuapa. Mimi nami nilisema, na niliamini. Mgonjwa hupelekewa pole na habari njema. Hakuna anayeingia chumba cha mgonjwa akiwa amebeba tatizo mkononi.

Jioni moja nilikuwa nafunga begi langu la daftari niende darasani, akaniita.

"Wifi, keti kidogo."

"Nitachelewa. Leo tuna hesabu."

"Hesabu zimekungoja tangu usichana wako, zitangoja dakika moja." Nikaketi. "Nimewaza. Umri huu si wa kugombania benchi na wasichana. Kama wanasimama wenyewe, mimi nikae kwenye viti vya waumini, nikunje miguu yangu nisikilize."

"Utaukunja upi?"

"Huu mzima. Usinitanie, nasema kweli. Joho nitalirudisha kabla ya ile ibada ya kuweka wakfu jengo jipya, ili mwalimu wa kwaya ajue mapema nani wa kumweka mbele. Lakini sitaki kwenda na maneno ya watu. Nataka niwasikie kwa masikio yangu. Nikisikia wamesimama, narudisha kwa moyo mweupe."

Mwalimu wetu wa kwaya ni fundi bomba. Ndiye aliyetunga wimbo wa ibada hiyo, na alianza kutufundisha baada ya wifi kuanguka. Hatutumii karatasi. Yeye huimba mstari wa kila sauti, sisi tunarudia mpaka ukae, halafu sauti zote zinaunganishwa. Alikuwa amerekodi zoezi letu la mwisho, simu ikiwa juu ya kiti katikati ya ukumbi, akamtumia mgonjwa. Wifi alilisikiliza kwa simu yake, ameibana sikioni, uso umekunjamana.

"Nyuki ndani ya kopo," alisema. "Nasikia tu kwamba kuna watu. Wifi, nitafutie kile kidude cha kuchezea muziki, cha kushika mkononi, chenye sauti safi. Si cha kupiga kelele. Safi. Nikae nacho hapa kitandani niwasikilize taratibu."

Nilimwahidi, nikaenda darasani, na sikumbuki hata mstari mmoja wa hesabu za siku ile.

Huyu mwanamke ndiye aliyenishika mkono nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wanaojitegemea, akaniingiza kwenye mstari wa alto wakati nilikuwa naona haya kufungua kinywa. Alinisimamisha upande wake wa kushoto, akaimba karibu na sikio langu, Jumapili baada ya Jumapili, bila kunikemea. Nilipoanza kuishika sauti yangu aliniambia, "Kama umeweza sauti ya kati, shule itakushinda nini?" Wiki iliyofuata nikajiandikisha masomo ya jioni. Nikisema namheshimu nasema kidogo. Sasa alitaka nimletee chombo ambacho kingemwonyesha kwamba hahitajiki tena.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Kazi hiyo inampa mtu nafasi ya kuomba, maana mikono inajua njia yenyewe. Siku moja nikiwa juu ya shati la mtu, wazo likanijia: nikimletea kifaa kibovu, hatasikia vizuri, na asiposikia hataamua. Wazo likatulia kama kunguru juu ya paa. Sikulifukuza haraka, Mungu anajua. Kisha nikasimamisha pasi nikaomba kwa sauti ya chini, katikati ya mvuke: Bwana, unisaidie nichague kifaa cha kweli, hata kama ukweli wenyewe utaniondolea mtu wa kusimama karibu yangu.

Nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja kwenye duka la redio.

Mwenye duka hilo anaitwa Mtikisiko. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu kila anapojaribu spika, vikombe vya mama wa mgahawa wa pili vinatembea mezani. Ni bwana mnene, mpole, ana penseli sikioni ambayo sijawahi kumwona akiandikia.

"Karibu, mama. Leo umekuja kununua au kulalamika kama jirani zangu?"

"Kununua. Nataka kifaa kidogo cha kuchezea muziki, cha kusikiliza kwa visikizio. Sauti iwe safi."

"Safi ndiyo jina langu la ubatizo." Akatoa kimoja chekundu chenye taa zinazozunguka. "Jaribu hiki. Ukiona meno yanacheza usiogope, ndiyo besi."

Akaniwekea visikizio. Meno yalicheza kweli. Ilikuwa kama mtu anapiga pipa tupu na mimi nimo ndani.

"Unaonaje?"

"Naona watu wengi wataumia kichwa. Kaka, naomba tuweke hii." Nikampa kadi ya kumbukumbu niliyoazima kwa fundi bomba, yenye wimbo wetu mpya.

Akaiweka. Besi yetu, ambayo ni wazee wanne na mshona viatu, ikawa jeshi. Soprano zikawa zinapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta. Alto sikuwasikia kabisa. Nikatikisa kichwa.

Akaleta cha pili, chembamba kama kitana, cha rangi ya fedha. Hicho besi ilikuwa imepungua, lakini kila herufi ya "s" ilichoma kama sindano. Alto, hakuna.

"Mama, unatafuta nini humu ndani?" aliuliza Mtikisiko. Hakuuliza kwa kuchoka. Alikuwa ameegemeza viwiko kwenye kaunta, ananitazama kama daktari.

"Natafuta alto. Wanawake wa sauti ya pili. Wapo, mimi mwenyewe nipo, lakini siwasikii."

"Ahaa. Basi wewe hutafuti muziki, unatafuta watu." Akazima vile vyenye taa, akavisukuma pembeni. "Wateja wangu tisini kwa mia wanataka kutikiswa. Ningekuuzia hicho chekundu ungefika nacho nyumbani ukanilaani. Subiri."

Akashusha kutoka rafu ya juu boksi lililopauka kwa jua. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kijivu, kizito kidogo, hakina taa wala urembo, vitufe vyake vinabonyezeka kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Akakiunganisha na visikizio vinavyofunika sikio lote.

"Hiki hakimsifii mtu," alisema. "Hakiongezi, hakipunguzi. Wengi wakikisikia mara ya kwanza wanasema kimepoa."

Na mimi nilitaka kusema hivyo hivyo. Hakikunishtua kwa lolote. Sauti ilikuja ya kawaida tu, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha. Lakini nikaendelea kusikiliza, na nikaanza kuona kwamba nimesimama kwenye ukumbi wetu wa mazoezi. Nilisikia benchi la wanaume wa tenor likilia, lile lenye mguu mbovu. Nilisikia fundi bomba akihesabia kwa kidole juu ya mti wa kiti. Kabla ya ubeti wa pili nilisikia pumzi, pumzi ya watu wengi kwa pamoja. Katika darasa la sayansi tumefundishwa kwamba sauti ni hewa inayotetemeka. Nilikuwa nimeliandika nikalikariri. Pale dukani ndipo nilipolistaajabia: hewa ilitetemeka siku ile, ikapita, na bado ilikuwa imetunzwa mpaka mkwaruzo wa benchi. Nikasema moyoni, Bwana, kazi zako ni nyingi, na nyingine umezipitisha mikononi mwa mafundi.

Lakini alto, hakuna.

"Hata humu hawamo," nilisema, na karibu nilie.

Mtikisiko akakuna shingo. "Ndani ya kadi hii mna wimbo mwingine? Ule unaoujua kila kona, kama unavyojua chumba chako gizani?"

Ulikuwepo. Ulikuwa wimbo wa mwaka uliopita, uliorekodiwa kwenye ukumbi ule ule, kwa simu ile ile, kabla wifi hajaanguka. Akaucheza.

Nikageuka nyuma. Kweli niligeuka, mpaka waya wa visikizio ukajinyoosha, kwa sababu wifi yangu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu la kulia. Sauti yake ilikuwa pale, nene kidogo, bila haraka, inapita chini ya soprano kama mkono unaoshika sahani kutoka chini. Na nyuma yake wengine, mmoja mmoja, wamemfuata. Nilimsikia mwalimu wa chekechea. Nikajisikia mimi mwenyewe, kwa woga, nimejibanza kwake.

Nilifuta macho kwa kitambaa cha dukani kilichokuwa cha kufutia vioo. Mtikisiko alijifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka nikamaliza.

"Huu una alto," alisema alipoinua kichwa. "Kifaa ni kile kile."

"Basi huu mpya ulirekodiwa vibaya. Labda simu iliwapa kisogo."

"Labda. Mimi najua moja tu, mama. Kifaa hakiwezi kutoa kisichoingia."

Sikulitafakari neno lile. Nilikichukua kile cha kijivu pamoja na visikizio vyake, bei tukaelewana bila kuvutana, nikarudi nyumbani nimekikumbatia ndani ya mtandio, nikitunga njia ya kumweleza wifi kwamba wimbo wenyewe una kasoro.

Nilimkuta ameketi, amejifunika mtandio, anamenya viazi kwenye beseni lililowekwa mapajani, maana hakukubali kukaa bure. Nikaliondoa beseni.

"Kimefika kidude?"

"Kimefika. Lakini, wifi, nakutahadharisha. Simu iliwekwa vibaya siku ile. Alto hawasikiki."

"Lete."

Akavaa visikizio juu ya kilemba, akaona havikai, akavua kilemba. Nikambonyezea kitufe. Alisikiliza akiwa amefumbua macho, anatazama dari, na vidole vyake vikitembea taratibu juu ya plasta. Wimbo ulipokwisha akaashiria niurudie. Nikarudia. Safari ya pili alifumba macho. Ya tatu akaanza kutabasamu, na tabasamu lile lilinitia wasiwasi.

Akavua visikizio. "Ulisimama wapi siku hiyo?"

"Mahali pangu. Kando ya mwalimu wa chekechea."

"Nimekusikia."

"Mimi? Mbona mimi sikujisikia?"

"Kwa sababu ulikuwa unajitafuta kwenye nyumba uliyohama. Hebu niimbie ubeti wa kwanza, sauti yako wewe."

Nikasimama katikati ya chumba, mikono mbele kama siku ya ibada, nikaimba. Nilikuwa na uhakika na kila noti. Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Vizuri sana," alisema. "Hiyo ni soprano."

"Hapana, wifi."

"Ni soprano. Umeishusha kidogo, ukaivika joho la alto. Kaa chini." Nikakaa. "Simu haikuwekwa vibaya. Nimewasikia wote. Muuza mboga anaanza kwenye alto, anakwenda nayo mstari mzima, peke yake, maskini, halafu anaona upweke anawafuata wenzake. Mwalimu wa chekechea anateleza mapema, kama maji yaliyoona mtaro. Yule binti wa duka la dawa hajui kabisa aende wapi, kwa hiyo anafungua mdomo tu. Na wewe umeenda soprano kwa imani yote, bila kugeuka nyuma. Hakuna alto humu. Kidude chako ni kizima, wifi. Alto ndio hawapo."

Ndipo likanifikia neno la Mtikisiko, kwamba kifaa hakiwezi kutoa kisichoingia. Niliziba uso kwa mikono. Nilikuwa nimezunguka duka zima nikiwatafuta watu ambao hatukuwa tumewaimba.

Wifi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia, mpaka mume wangu akachungulia mlangoni.

"Kuna nini? Mguu?"

"Mguu uko salama, mdogo wangu. Mkeo ni soprano."

"Ni ugonjwa?"

"Unatibika," alisema wifi, akijishika mbavu.

Mume wangu akatutazama, akaondoka. Kicheko kikaisha, na nikamwona wifi akitazama nje ya dirisha. Niliogopa kumuuliza, lakini nilimuuliza. "Basi joho?"

"Nilitaka kulirudisha kwa heshima zote, mkaninyima hata hilo." Alifuta macho kwa kiganja. "Wote walikuja hapa wakanidanganya kwa upendo. Hicho kidude ndicho cha kwanza kuniambia nahitajika. Waite, wifi. Na fundi bomba aje kwanza, anifundishe mstari wangu."

Fundi bomba alikuja kutoka kazini, buti zake akaziacha nje kwa sababu ya matope, akaketi kwenye kigoda na soksi zake zenye tundu. Nilidhani atakuwa mkali. Wifi alimvisha visikizio akamchezea. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Hukuwahi kusikia, mwalimu?" aliuliza wifi.

"Nilisikia kuna pengo," alisema polepole. "Nilidhani ni pengo la mtu mmoja. Nikasema, tumngoje Mungu mpaka kiongozi wao apone."

Akamwimbia mstari wa alto. Wifi aliurudia mara ya kwanza ukiwa na kasoro mbili, mara ya pili na moja, mara ya tatu bila hata moja, na mimi, ambaye ninahitaji wiki nzima kukariri shairi la shule, nilikaa pale kwenye kona nikimshukuru Mungu kwa kumpa binadamu sikio la namna ile.

Jumamosi mchana alto wote walijaa kwenye chumba cha mbele. Muuza mboga alikaa kitandani upande wa mguu mzima, binti wa duka la dawa sakafuni, mwalimu wa chekechea akasimama mlangoni kwa aibu.

"Ingia," wifi alimwambia. "Mtaro haupo humu ndani."

Hakumkaripia mtu. Aliimba mstari wetu, sisi tukarudia, mpaka ulipokaa vinywani. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mwalimu yeyote, wa mchana wala wa jioni. Alimwita kila mmoja akae karibu yake, akamwekea upande mmoja tu wa visikizio, sikio la kushoto, wimbo wote ukichezwa, soprano wakiwa na nguvu zao zote. Sikio la kulia akaliacha wazi, na hapo akaweka sauti yake mwenyewe.

"Huku unawasikia wao," alisema. "Huku unanisikia mimi. Usiwazibe. Wapende, lakini usiwafuate."

Muuza mboga alishinda mara ya kwanza, tukampigia makofi. Mwalimu wa chekechea aliteleza, akarudi, akateleza, akarudi, na mwishowe akakaa. Binti wa duka la dawa alipoipata sauti alinyamaza ghafla kwa mshangao, ikabidi aanze tena.

Zamu yangu ikafika. Niliketi ukingoni mwa kitanda, kifaa cha kijivu kikiwa kimelala kwenye blanketi katikati yetu. Niliomba kwa neno moja tu, maana nafasi ya mengi haikuwepo. Upande wa kushoto soprano wakavuta ile pumzi yao, wakaanza, wazuri, wepesi, wanajua wanakokwenda. Upande wa kulia wifi akaanza chini yao, nami nikaingia alipokuwa. Tukaenda pamoja mpaka kwenye ule mstari wa pili ambao wimbo unapanda. Soprano wakapanda. Koo langu likataka kuwaandama, nililisikia likitaka. Wifi akanyamaza, makusudi, akaniacha.

Nikabaki pale chini peke yangu, sauti inatetemeka, nikawaacha wapite juu.